Mizani Iliyonuna

Mizani ya maabara ile iliweza kupima hata unywele, na siku ya ukaguzi ikaamua kununa. Kwenye kioo chake tarakimu zilionekana vizuri, ila kompyuta iliyotakiwa kuzipokea ilisema haijui kifaa cha namna hiyo.

Fundi wa maabara alichomoa waya, akauchomeka. Akazima, akawasha. Akabadilisha waya. Wapi.

Mkuu wa maabara alisimama nyuma yake akimpumulia kisogoni. Mkuu huyo alikuwa pia mjomba wake, jambo ambalo kazini wao wawili walikubaliana kulisahau na wenzao wakakataa katakata.

"Wakaguzi wanafika saa nne," alisema. "Shida nini?"

"Nadhani ni dereva, Mkuu."

Mkuu alifungua dirisha, akamwita dereva wa ofisi aliyekuwa anaosha gari. Dereva akaja na kitambaa kinachodondosha maji, akaapa kwamba chumba kile hajawahi hata kukikanyaga.

"Si wewe, kaka," fundi alisema. "Ni programu. Ndiyo inayofanya kompyuta na mizani zielewane, nayo huitwa dereva."

"Na yeye huwa anatumwa sokoni na mke wa bosi?"

Mkuu akajifanya hakusikia. Dereva akavuta kiti, maana gari lingeweza kusubiri.

Fundi aliiondoa programu, akaiweka upya. Sasa kompyuta ikakiri kwamba mizani ipo, lakini ikadai mlango namba tatu una mtu. Mlango huo ndio njia ya mizani kupitishia tarakimu zake, na haupitiki na wawili. Akafungua orodha ya vifaa, akashuka nayo mstari kwa mstari mpaka akamkuta mpangaji haramu: programu ya kuhamishia picha za simu, iliyowekwa Jumamosi, siku ambayo maabara huingiwa na mtu mmoja tu.

Akageuka. "Mjomba," alisema polepole, na kwa neno hilo mzee akajua ameshikwa.

"Ni picha za harusi ya dada yako. Simu ilikuwa imejaa."

"Ukaona uzimwage kwenye kompyuta ya vipimo?"

"Ina kioo kikubwa."

Dereva akaanza kuchunguza dari.

Fundi aliifuta programu ile, akairudishia mizani mlango wake, akaweka juu yake jiwe la gramu mia. Tarakimu zikatiririka. Kisha akavuta daftari la hitilafu.

"Andika waya ulilegea," mjomba alinong'ona.

Fundi akaandika: *Programu ya picha za harusi. Iliwekwa na Mkuu.* Akamsogezea kalamu atie sahihi. Mzee alikohoa, akalitazama dirisha, akatia.

Mkaguzi, mama mmoja mwenye miwani, aliusoma mstari ule mara mbili, halafu akamtazama Mkuu kuanzia viatu hadi upara.

"Hongera kwa kuozesha," alisema, akaandika onyo.

Maabara ilipita. Mkuu hakumsemesha mpwa wake mpaka jioni, alipokuja kumuuliza, kwa sauti ya chini, picha mia nane mtu anazipunguzaje uzito.