Siku Tano za Pagume

Zenebech alipomwona mkaguzi wa ardhi akishuka kwenye bajaji, ndoo ilimponyoka. Kiwanja kilikuwa cha serikali, yeye amekodishwa tu, na kanuni zilitaka msingi wa mawe uwe umejengwa ndani ya miezi kumi na miwili tangu mwaka mpya. La sivyo, ananyang'anywa. Leo ilikuwa Pagume mbili, siku ya pili kati ya tano zinazofunga mwaka, naye alikuwa na mitaro mitupu.

"Miezi kumi na miwili iliisha juzi, dada," alisema mkaguzi. "Pagume ni mwezi wa kumi na tatu."

Yeye alikuwa amehesabu mwaka mzima, pamoja na hizi siku tano za mwisho. Atamwambia nini mama yake, aliyeuza ng'ombe wake wote ili wapate kiwanja hiki?

"Mawe yanakuja kesho, kaka."

"Kesho yatamkuta mwenye kiwanja mwingine." Akafungua daftari.

Zenebech akajikuta anauliza, "Kaka, Pagume hii umelipwa mshahara?"

Kalamu ikasimama. "Nani analipwa Pagume?"

"Na kodi ya nyumba umedaiwa?"

"Sijadaiwa."

"Basi siyo mwezi."

Akaziba mdomo kwa shela, akijua amejiharibia. Mkaguzi akaguna kama anayezuia kicheko.

"Kumbe una mdomo! Pagume tano jioni narudi. Nisipokuta msingi, naandika."

Zenebech hakungoja aondoke. Alikimbilia machimboni kuyafuata mawe.