Santuri Inayosema Leta Ndoo

Vumbi linaelea katika mwanga wa dirishani, halipandi wala halishuki, kama nalo linasubiri nani ataanza kusema. Nakufuta kwa upindo wa gauni langu, santuri. Nakufuta taratibu, kwa kuzungusha, maana nyuma yangu wamekaa wanaume wawili wasiotazamana, nami sitaki kugeuka.

Mmoja ni baba, kwenye kiti chake karibu na ukuta, shuka magotini. Mwingine ni kaka yangu, amekaa ukingoni mwa kochi, mkanda wa begi ungali begani. Amerudi leo baada ya miaka, na basi lake linaondoka jua likizama. Nilipomlaki kwenye ngazi aliniambia kwa sauti ya chini, "Nimekuja kumwona mama. Mzee asiposimama kunipokea leo, mimi hamtaniona tena."

Na baba hajasimama.

Ulikuwepo, santuri, siku kaka alipokataa kurithi karakana ya kuchomelea vyuma iliyo chini ya sakafu hii. Ulisikia baba alivyosema: "Nenda. Lakini siku ukirudi, sitasimama kukupokea." Akasema hivyo baba yule yule aliyekuwa akishuka ngazi kumpokea hata msoma mita. Maji yakimwagika hayazoleki, na yale yalimwagika mbele yetu sote.

Kaka hajui ninachokijua. Hajui kwamba mwaka uliofuata geti la chuma lilimwangukia baba mguu wa kulia, akiwa peke yake karakanani, na kwamba tangu hapo kusimama kwake ni safari: mkono ukutani, mkono begani mwa mama, meno yameumana. Baba alituapisha tusimwambie. "Asije akarudi kwa kunihurumia," alisema. Basi kaka anamwona amekaa, anadhani anatimiza neno lake. Nami nikisema, nimevunja kiapo. Nikinyamaza, nimevunja nyumba. Nina hasira nao wote wawili.

Chai imepoa vikombeni. Mama, kando yangu, ametazama dirisha, akatazama begi, kisha akanitazama mimi.

"Weka ile santuri," amesema.

Ni wewe tu tuliyekuwa nawe, wala hatukuwa na nyingine. Bendi ya roki ya mbali, vijana wanne jaladani wenye nywele ambazo mimi, msusi, nikizitazama vidole vinaniwasha. Lugha yao hatukuijua. Santuri zao nyingine hatukuzisikia. Tulikuwa na mkusanyiko, nyimbo zao bora za miaka mingi zimetiwa jalada moja, na wajuaji wa muziki huwabeza wa aina yako. Husema wewe ni chakula cha mvivu, kila sufuria kijiko kimoja. Waache waseme, mdomo ni mali yao.

Mimi nakupenda kwa hicho hicho kijiko. Wimbo wa kwanza mwimbaji ni kijana, sauti inakata kama msumeno. Wimbo wa pili ni mtu mzima, koo limekwaruzika, na kati ya huyu na yule hakuna mlango uliobamizwa. Miaka waliyogombana haimo. Nyimbo walizoimba kwa kununa hazimo. Waliobaki ni wanne walioketi pamoja, mchanga na mzee, bega kwa bega, na gitaa halimuulizi mtu alikuwa wapi. Tufundishe basi. Turushe na sisi juu ya miaka yetu.

Sindano inashuka. Kwanza mkwaruzo, kisha gitaa, lile gitaa linaloanzia tumboni kabla ya kufika masikioni. Dramu zinabisha. Kidole cha baba kinabisha nazo, kwenye mkono wa kiti, kidogo sana. Taya la kaka limekaza. Wimbo wa kwanza unapita. Wimbo wa pili unapita, na mwanga umeteremka ukutani umefika kwenye fremu ya picha. Kila wimbo unakula jua, nami ndiye niliyeuwasha.

Najua tunakoelekea. Mama anajua. Wimbo wa nne una jeraha. Sindano ikifika hapo hukwama, na nusu ya neno moja la kigeni hugongana na nusu ya jingine, yakatoka Kiswahili kitupu: leta ndoo, leta ndoo, leta ndoo. Hatukuwahi kuusikia vingine. Siku moja redio ya saluni iliupiga mzima, na mimi, kichwa cha mteja mkononi, nikaimba "leta ndoo" peke yangu kwa sauti kubwa. Mpaka leo wananiita Mama Ndoo, na mpaka leo naona aliyekosea ni redio.

Na baba, aliyeziba ndoo za mtaa mzima, alikuwa akikanyaga sakafu ya mbao kwa kisigino, pu, na kujibu, "Ndoo imetoboka!" Nyumba ikatikisika, sindano ikaruka, wimbo ukaendelea, tukacheka kana kwamba hatukucheka jana. Kukanyaga kulikuwa kwake tu. Kaka alipoanza kumpita kimo aliomba akanyage yeye. Baba alimwambia, "Zamu yako itafika nikichoka."

Wimbo wa tatu unaisha. Mwanga umeiacha fremu, uko sakafuni. Gitaa la wimbo wa nne linaingia.

Leta ndoo, leta ndoo, leta ndoo.

Hakuna anayekanyaga. Leta ndoo, leta ndoo. Nanyoosha mkono niinue sindano, niokoe kitu chochote, na mama ananishika kifundo cha mkono.

"Acha," anasema.

Leta ndoo. Kaka ameinua macho. Kwa mara ya kwanza tangu aingie anamtazama baba usoni, na naona anachofikiri: hata hili ananinyima. Mkono wake unakaza mkanda wa begi. Leta ndoo, leta ndoo, na huko barabarani basi linapiga honi.

Ndipo baba anakanyaga. Anainua mguu ule ule wa siku zote, wa kulia, na mguu unashuka kama kitambaa. Sindano haikusikia. Anainua tena, uso umejikunja, anashusha, na shuka inateleza kutoka magotini. Leta ndoo. Mguu uko wazi sasa, mwembamba, umepinda, kiatu chake hakina hata alama ya kutembea.

Kaka anautazama. Leta ndoo, leta ndoo. Anautazama mpaka anaelewa.

Anasimama. Anainua kisigino na kukanyaga mara moja, pu, kwa uzito wa miaka yote, na vikombe vinalia, na mbao zinatema vumbi lao, na sindano inaruka. Wale wanne wanaendelea na wimbo wao kana kwamba hawakuwahi kukwama.

"Ndoo imetoboka," anasema baba, polepole.

"Mguu umepatwa na nini, baba?"

"Geti."

"Lini?"

"Siku nyingi." Baba anaugusa ukuta. "Nilitaka kusimama, mwanangu. Tangu ulipoingia najaribu."

Kaka anavuka chumba. Anachuchumaa mbele ya kiti, anaushika mguu ule kwa mikono miwili, na mkanda wa begi unateleza begani wenyewe, begi linaanguka sakafuni.

"Basi kaa, baba," anasema. "Kaa tu. Nimekuja mimi."

Basi linapiga honi tena, mara ya mwisho. Mama anakusanya vikombe akachemshe chai nyingine. Nawe unaimba, santuri, mchanga na mzee, bega kwa bega, na kwenye kipande cha mwanga kilichobaki vumbi limeanza kushuka. Linashuka juu ya kichwa cha kaka na magoti ya baba. Linashuka juu ya begi, linakaa. Nina upindo wa gauni mkononi, na silifuti.