Tamthilia Ambayo Baba Hafi

Mke wa Dereva aliweka flashi juu ya kioo cha meza yetu, akaegemea mlango na kusema, "Nataka tamthilia ambayo baba hafi."

Mjomba akaangua kicheko. Duka lile la kurushia watu filamu na tamthilia kwenye flashi zao ni lake. Mimi nilikuwa nauza pale tangu nimalize chuo, nikingoja kazi ya ustawi wa jamii niliyoisomea. Kisha Mjomba alimtazama vizuri yule mama, kicheko kikamfia mdomoni, akajifanya anapangusa spika.

Mumewe tulimjua. Mtaa mzima ulimwita Dereva kwa sababu aliendesha basi la shule mpaka moyo wake ulipochoka na miguu ikaanza kuvimba. Zamani alikuwa akija mwenyewe kila mwisho wa wiki, anachagua huku akilalamika. Wakorea wanalia mno. Wameksiko hawafanyi kazi, kutwa wako kwenye ngazi wanagombana, sasa nani anapika? Safari hii alikuwa ametoka hospitali, na waliomtoa walimwambia mkewe ampeleke nyumbani akapumzike. Maneno hayo yule mama aliyatamka akitazama sakafu.

"Anaangalia kutwa," alisema. "Mimi nikirudi kutoka kwenye pasi namkuta hapo hapo." Alikuwa mpiga pasi kwa dobi wa barabara ya pili, na nguo zake zilinukia mvuke na wanga. "Juzi aliangalia ya Kikorea. Baba yuko hospitali, mipira puani kama aliyokuwa nayo yeye. Akaisimamisha picha, akaniita, 'Mke wangu, njoo uone.' Nikamwambia nguo zinanyeshewa."

"Kulikuwa na mvua?" Mjomba akauliza.

"Jua kali."

Hakuna aliyecheka. Nikamwambia, "Niachie mimi, mama. Nitakutafutia."

Nilisema hivyo kwa moyo wote. Niliamini kwamba katika dunia pana kama hii, yenye waandishi wengi kiasi hiki, hapakosi mmoja aliyemhurumia baba wa watu akamwacha aishi.

Nikaanza kazi. Nilikuwa nazipeleka tamthilia mbele mbele, nikisimama kila palipokuwa na kitanda, barabara yenye kona au mtu anayekohoa. Za Kikorea baba anaficha ugonjwa wake, anafia kwenye benchi la bustani. Za Kimeksiko anamwagwa na farasi, na wosia unasomwa kabla vumbi halijatua. Za Kihindi moyo unasimama kwenye harusi ya binti, kila sura ndani ya ukumbi inaonyeshwa mara tatu. Za Kifilipino anakufa, kisha inagundulika kwamba hakuwa baba, kisha baba wa kweli naye anakufa. Nikahamia za kipelelezi za nchi za baridi, na huko baba alikuwa maiti tangu dakika ya kwanza, amelala kwenye theluji.

"Hawa watu hawaelewani kwa lolote," Mjomba alisema, akinisogezea chai iliyokwisha poa, "mipaka wanagombea, bahari wanagombea. Lakini kwenye kumuua baba, wote wamesaini."

Macho yalikuwa yakiniwasha. Nilikuwa nimechoka kwa namna ya ajabu, kama mtu aliyezika ukoo mzima kwa wiki moja.

Hatimaye nikapata ya Kituruki, ya familia ya waokaji mikate. Baba ana masharubu mazito na kofia asiyoivua. Anaanguka ghalani, anapona. Adui anampiga risasi, risasi inapita kwenye kofia. Huyu ana roho ya paka, nikasema, huyu ndiye. Nikaiangalia kwa furaha mpaka karibu na mwisho, na hapo, bila risasi wala ugomvi, mzee akalala kitandani mwake na hakuamka.

Mke wa Dereva alipokuja nikamweleza ukweli. Alisikiliza huku amefumba macho. Nafikiri alikuwa akiyapumzisha tu.

"Ni sehemu moja anayokufa?"

"Moja."

"Itoe."

Nikaitoa. Nikabadilisha namba za sehemu zilizofuata ili zisiruke, nikamkabidhi flashi yake. Alinishika mkono akaushikilia kidogo, na mimi nilirudi kwenye kiti changu nikiwa mwepesi.

Wiki haikuisha Dereva akatuma salamu kwamba ananihitaji. Nilikwenda Jumapili mchana. Kitanda chake kilikuwa kimehamishiwa sebuleni, televisheni juu ya kigoda, na dirisha lilitazama uani, ambako mkewe alikuwa akianika mashuka.

"Karibu, mwanangu. Wewe ndiye mchinjaji?"

"Mchinjaji, mzee?"

"Kuna mtu kachinja tamthilia yangu kipande." Alinionyesha kiti. Uso wake ulikuwa umekonda lakini macho yalikuwa yale yale ya kuchagua filamu. "Basi la watoto, ukifika mwisho wa safari unahesabu vichwa. Usipohesabu, siku moja utamfungia mtoto wa watu ndani amelala. Sasa jana nimehesabu pale mezani kwa waokaji. Mzee hayupo. Kofia yake iko kwenye msumari. Mkewe kavaa nyeusi. Nikajiambia, huyu hajaenda sokoni."

Nilikuwa nimebadilisha namba. Nguo sikuzifikiria.

"Samahani, mzee."

"Ya nini? Aliyekutuma namjua." Akaelekeza kidevu uani. "Hata kushona hajui kuficha uzi, ndio aje afiche msiba?"

Nikamwambia ningeweza kuileta ile sehemu muda huo huo. Akatikisa kichwa.

"Kufa sihitaji kuonyeshwa. Kutanikuta hapa hapa, hata nauli sitoi." Alicheka mpaka akakohoa, nikamwinua kichwa mpaka kikohozi kikapita. Alipopata pumzi, sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nilitaka kujua mke wa yule mwokaji alimwambia nini mumewe, na mume alimwambia nini. Maana mimi, mwanangu, nikianza tu, 'Mke wangu, kuna jambo,' anakumbuka nguo. Nimeshindana na wanaume wengi kumpata huyu mwanamke, nikawashinda. Kamba ya nguo ndiyo imenishinda."

Chuoni tulifundishwa namna ya kumsikiliza mgonjwa. Sikumbuki kama tulifundishwa uso uwe vipi.

"Usiniletee mimi," akasema. "Mpe yeye."

Mkewe akaingia na beseni tupu kiunoni, akatutazama mmoja mmoja. "Mnateta nini?"

"Tunahesabu abiria," Dereva akamjibu.

Kesho yake mkewe alipita dukani akielekea kazini, nami nikamwambia yote, hata ile ya kamba. Uso wake haukubadilika. Alikuwa akiipigapiga flashi kwenye kiganja.

"Nilikuomba kitu kimoja."

"Ndiyo, mama."

"Kimoja tu." Akaondoka bila kumsalimu Mjomba.

Siku kadhaa hakuonekana. Mjomba, ambaye hana moyo mbaya ila mdomo hauna breki, aliniambia, "Wewe si umesomea kusaidia watu? Ndiko huko kusaidia kwenyewe." Niliifikiria ile sehemu iliyobaki peke yake kwenye kompyuta. Mara mbili nilitaka kuifuta. Nikaiacha, si kwa hekima yoyote. Mkono tu ulikataa.

Alirudi adhuhuri moja, aproni ya kazini bado kiunoni, jasho la pasi halijakauka shingoni.

"Umeifuta?"

"Sijaifuta."

"Mkewe analia?"

"Mwanzoni halii..."

"Usinisimulie. Niwekee hapa hapa, kwanza niione mwenyewe. Nikishindwa, nishindwe huku."

Nikamgeuzia kompyuta, nikampa kiti changu na hedifoni. Kinyozi wa jirani akaja na flashi yake. Mjomba akasimama mlangoni kama askari. "Leo kompyuta ina mgeni. Rudi jioni."

"Mgeni gani anakaa mbele ya kompyuta?"

"Nimesema jioni, bwana."

Niliijua ile sehemu kwa moyo. Mzee amelala, mkewe ameketi pembeni ya kitanda, hakuna muziki. Mke anamuuliza kuhusu mlango wa tanuri, kwa nini unamkatalia kila alfajiri. Mume anamwambia ni lazima auinue kidogo kabla ya kuufunga. Mke anasema miaka yote hii hukuniambia. Mume anasema miaka yote hii hukuuliza. Wanabishana juu ya ule mlango, mwisho mke anainamisha kichwa kwenye bega lake, anaendelea kuuliza, na mume anajibu polepole zaidi, mpaka hajibu.

Mke wa Dereva hakuyaondoa macho kwenye kioo. Mikono yake ilikuwa ikipita juu ya mapaja, inanyoosha aproni, inarudi, inanyoosha tena, kama bado yuko kwenye meza ya pasi. Kuna mahali alicheka kwa sauti kubwa, ile ya mtu aliyeziba masikio, mpaka kinyozi akarudi kuchungulia. Baada ya hapo mikono ilitulia.

Alivua hedifoni. Machozi yalikuwa yamefika kidevuni na hakuyafuta.

"Wamezungumza mlango tu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mlango tu, basi?"

"Basi."

Akafikiri. "Kwetu kuna bomba la uani. Mimi silijui, yeye ndiye hulifunga na waya." Akajifuta machozi kwa aproni. "Hilo naliweza."

Akanipa flashi. Niliirudisha ile sehemu mahali pake, nikarekebisha na namba za zile zilizofuata, moja moja, naye akaegemea mlango akingoja, amefumba macho.

"Leo hurudi kwa dobi?" Mjomba akamuuliza.

"Nimeaga. Kaniuliza nina nini." Aliichukua flashi, akaifunga kwenye pindo la kanga. "Nimemwambia nina tamthilia na mume wangu."