Kitako cha Bunduki ya Denzil

Denzil Cutlip aliinunua bunduki ile kwa sababu ilikuwa mbaya. Alisema mwenyewe, mbele yangu mimi mpangaji wake na mbele ya mkewe Reva: anataka bunduki ya kutupa nyuma ya pikapu pamoja na majembe, ikikwaruzika asione uchungu. Ilikuwa ile ya risasi ndogo, tuentitu, ambayo kila nyumba katika milima ya West Virginia inayo ya kulindia bustani, isipokuwa nyumba yetu, maana ya zamani Denzil aliisahau nje ikaliwa na kutu. Hii aliipata kwa mjane aliyekuwa akiuza vitu vya marehemu uani kwake, dola sabini, kitako chake cha mbao kimebabuka vanishi kama mgongo ulioungua jua.

Bustanini kulikuwa na adui. Ni mnyama wa huko, anachimba ardhi, mfupi, mnene, ana meno ya sungura na tumbo la mwenye nyumba. Mimi nilimwita buku, kama yule panya mkubwa wa kwetu, ingawa buku wa kwetu angemwamkia shikamoo. Aliishi chini ya banda la kuni, hatua thelathini kutoka kwenye mistari minne ya maharage ya Reva.

Na hayo hayakuwa maharage ya dukani. Mbegu Reva aliachiwa na mama yake, aliyeachiwa na mama yake. Zilikuwa zimebaki kiganja kimoja, kuukuu, akazipanda zote, maana zikikaa mwaka mwingine hazioti. Akikosa maganda ya kukauka msimu ule, mbegu ya kwao imekwisha duniani.

"Kesho asubuhi umpige," alimwambia mumewe siku bunduki ilipofika.

"Kesho," Denzil akasema. "Ngoja tu nikifute kitako, kinanata."

Kufuta kukaleta kukwangua, kukwangua kukaleta msasa. Kufika jioni chuma kilikuwa juu ya meza ya jikoni na mbao iko barazani, na bunduki hakuna. Denzil aliamini chini ya ile vanishi kuna mti wa jozi, mbao nyeusi ya thamani. Jirani yetu Burl alipita kesho yake, akasimama, akatazama.

"Jozi gani hiyo, Denzil? Mbona nyeupe kama miguu yako?"

"Walipaka rangi kiwandani, wezi wale."

"Basi paka na wewe, ukapige mnyama."

Akapaka. Alichemsha maganda ya jozi ya mwaka jana katika sufuria ya Reva ya kuhifadhia nyanya, akakipaka kitako mara tatu kikawa cha rangi ya kahawa. Kisha ikaja zamu ya mafuta ya kitani, ya kung'arishia mbao. Wazee wa milima ile wana kanuni: yapake mara moja kwa siku kwa wiki nzima, mara moja kwa wiki kwa mwezi mzima, mara moja kwa mwezi kwa mwaka mzima, halafu mara moja kwa mwaka mpaka ufe. Kila mtu anaijua. Denzil ndiye peke yake niliyemwona akiitii.

Wiki ya kwanza mstari wa kwanza ukaliwa.

"Buku naye ana kanuni yake," Reva akasema akiosha vyombo. "Kila wiki mstari."

"Mafuta hayaharakishwi, mke wangu. Ukiyaharakisha yanabaki yakinata."

"Yanate. Risasi haitoki kwenye mafuta."

Burl akaja na bunduki yake mwenyewe, kuukuu, kitako kimefungwa kwa utepe wa mafundi umeme. Denzil alimzuia getini.

"Bustani yangu, bunduki ya mtu mwingine? Watu watasemaje?"

"Watasema mnyama amekufa," Burl akasema, lakini akarudi kwake, kwa sababu huko mtu haingii kwenye aibu ya mwenzake bila kukaribishwa.

Mstari wa pili ukaenda, kisha wa tatu. Reva aling'oa wavu wa mlango akauzungushia wa nne. Buku akachimba akapita chini yake. Mbu waliingia nyumbani, nasi tukalala nao. Lakini sitamsingizia Denzil: kitako kilikuwa kizuri. Nimeona meza za matajiri katika miji mingi, sikuona mbao iliyong'aa kwa upole namna ile. Akimaliza kukisugua kwa kiganja alikuwa anakinusa.

Ijumaa moja, mafuta yalipokauka, alikirudisha kitako kwenye chuma, akakaza skrubu zote mbili. Jumamosi alfajiri tukaketi barazani watatu, umande umejaa. Buku akatoka chini ya banda, akasimama kwa miguu ya nyuma, akatutazama, kisha akaenda kula. Denzil akainuka polepole. Mahali pa kuegemeza bunduki palikuwa uzio tu, na uzio ni wa waya.

"Nakuja," akanong'ona. "Nachukua taulo ya kutandika."

Akailaza bunduki juu ya mto wa kiti, akaingia ndani. Reva aliinuka. Aliichukua, akateremka ngazi pekupeku, akapiga goti, akaiweka juu ya waya na kupiga mara moja. Buku akalala ubavu kama aliyekumbuka kupumzika.

Denzil alitoka na taulo. Hakumtazama buku; aliichukua bunduki uzioni, akakiinua kitako kwenye mwanga.

"Umekwaruza."

"Nimekwaruza," Reva akasema. Yeye alikuwa tayari kwenye mstari wa nne. Mashina matano yalikuwa bado na majani.

Tulimla yule buku kwa mchuzi mzito na mikate ya Reva. Denzil alisema nyama ngumu.

Oktoba Burl alikuja kutembea. Denzil akaitoa bunduki, akamshika Burl kidole na kukipitisha juu ya ule mkwaruzo.

"Hapo ndipo nilipoegemeza siku ile. Hatua thelathini, bwana, na umande machoni."

Burl akanitazama. Mimi nikatazama kahawa yangu. Reva alikuwa upande wa pili wa meza, aproni imejaa maganda makavu, anayapasua na kupanga mbegu juu ya gazeti moja moja.

"Alipiga vizuri hivyo, shemeji?" Burl akauliza.

"Vizuri sana," Reva akasema. "Sogeza kiwiko, Burl, unanifunikia mbegu."