Kava la Gari Jeusi

Fundi wa sare za shule alifika dukani saa tatu na robo asubuhi akiwa na karatasi yenye maswali kumi na moja. Muuza kamera alikuwa bado anapangusa vumbi kwenye kioo cha kaunta. Alitoa kamera ya dashibodi, ndogo kama kiberiti, akaanza kuisifia, na fundi akamwacha aisifie mpaka akamaliza. Kisha akaikunjua karatasi yake.

"Inaona upana gani?"

"Njia tatu, mama. Na wapita njia wa pande zote mbili."

"Gari likishinda juani, haitavimba?"

"Zinazovimba ni zile za betri. Hii inakula umeme wa gari."

"Kadi ikijaa?"

"Inafuta ya zamani, inaandika mpya. Lakini ukigongwa inashtuka, na kipande hicho inakifungia. Hakifutiki mpaka ukifute mwenyewe."

Alitaka pia iandike tarehe na saa pembeni ya picha, isome namba ya gari kwa umbali wa hatua kumi na tano, na iwe na jicho la pili la kutazama nyuma. Muuzaji alimwambia jicho la nyuma huchukuliwa zaidi na watu wa teksi. Fundi alisema analitaka hivyo hivyo. Katika miaka ishirini na sita ya kukata nguo hakuwahi kujuta kwa kuacha pindo kubwa.

Swali la kumi na moja alikuwa ameliweka mwisho makusudi.

"Kuna gari kubwa jeusi linapita kwenye mzunguko wa posta kila asubuhi, saa mbili kasoro dakika ishirini. Linaingia kinyume. Hii italiona?"

Muuzaji aliacha kupangusa. "La mkubwa?"

"La mkubwa."

"Nisikudanganye, mama. Hilo haliingii kwenye kamera. Nimerudishiwa kamera nne kwa ajili yake, na zote nzima."

Fundi aliandika jibu hilo kama alivyoandika mengine kumi, akanunua kamera.

Gari hilo lilikuwa limemgonga wiki tatu kabla, ubavuni, pale pale kwenye mzunguko, yeye na mdogo wake wakipeleka sketi hamsini kwenye shule ya wasichana. Halikusimama. Mlango wa kushoto uliingia ndani na kuvunja mguu wa mdogo huyo, ambaye tangu utotoni aliitwa Pini kwa wembamba wake na kwa maneno yake. Ulikuwa mguu wake wa cherehani. Tangu siku hiyo cherehani ya pili ilikaa kimya karibu na dirisha, na Pini alikaa kwenye kochi na plasta lake, akishona vifungo kwa mkono na kukosoa kila kitu.

Kituoni, sajini wa dawati la ajali aliwasikiliza vizuri. Alikuwa na sauti ya upole na kalamu iliyofungwa kwa uzi mezani.

"Una rekodi?"

"Nina macho, afande. Na mdogo wangu ana macho. Na trafiki wa pale alikuwepo, alipiga saluti."

"Hata mimi naliona hilo gari, mama. Linapita hapa kila siku. Lakini jicho langu halina tarehe wala saa pembeni." Aliisogeza fomu mbele yake. Ilikwisha kujazwa: *Dereva alijigonga mwenyewe kwa kukosa uangalifu.* "Weka saini, faili lifungwe. Faili likiwa wazi, leseni yako haitoki upya, na naona inaisha mwisho wa mwezi ujao."

Fundi aliisoma sentensi hiyo mara mbili. "Siweki," alisema, akarudisha kalamu mahali pake.

Ndiyo maana alinunua kamera. Aliibandika nyuma ya kioo cha kati, mahali ambapo haikumzuia kuona, akapitisha waya pembeni mwa kioo cha mbele na kuuficha ndani ya mpira wa mlango kama mtu anayeficha uzi ndani ya mshono. Kesho yake asubuhi aliegesha karibu na mzunguko. Gari jeusi likaja kinyume, kwa wakati wake. Aliliona vizuri kabisa.

Jioni waliitazama rekodi kwenye kompyuta ya Pini. Saa mbili kasoro dakika ishirini, lori la mchanga lilifunga breki bila kitu mbele yake. Teksi mbili zilipanda ukingo. Dimbwi lililokuwa katikati ya barabara lilipasuka na kumwagikia mwanamke mwenye kikapu, naye akaonekana akitukana hewa. Trafiki alibana visigino, akaupigia saluti ukuta wa posta.

"Anajua kupiga saluti, maskini," alisema Pini. "Mkono umenyooka kama rula."

Fundi hakutaka kuamua kwa mara moja. Alirekodi kwa siku tano. Alibadilisha kadi, akaosha jicho la kamera kwa kitambaa cha miwani, akaegesha upande wa pili ili jua liwe mgongoni. Magari mengine yote yaliingia, mpaka baiskeli ya muuza magazeti na namba zake za kuchorwa kwa mkono. Gari jeusi halikuingia.

Siku ya sita mvua ilinyesha.

Alikuwa peke yake mbele ya kompyuta alipoliona tundu. Mvua ilikuwa inashuka mistari mizito katika picha yote, isipokuwa mahali pamoja penye upana wa njia nzima, ambapo matone yaligonga kitu, yakaruka, yakateremka ubavuni. Tundu hilo liliingia kwenye mzunguko kinyume, likapita, likaondoka. Alirudisha nyuma, akasimamisha picha. Kisha alifanya lile ambalo fundi yeyote hulifanya akiona kitambaa kilichokatwa na nguo yenyewe haipo. Alisoma nguo kutokana na kilichobaki.

"Dada, unafanya nini?" Pini aliuliza kutoka kwenye kochi.

"Nachukua vipimo."

Alikwenda kwenye mzunguko na futi ya kupimia, akapima mawe ya ukingo yaliyopakwa chokaa, moja moja, ili ajue picha imepunguza vitu kwa kiasi gani. Trafiki alimshikia ncha ya futi. Kwa siku nne zaidi za mvua alirekodi tundu hilo kutoka mbele, nyuma na ubavuni, akaliandika: urefu, kimo, mteremko wa boneti, kijiti cha bendera upande wa kulia, na kwenye pembe ya bampa ya mbele, kibonyeo cha upana wa kiganja. Kibonyeo hicho alikijua. Nusu yake nyingine ilikuwa kwenye mlango wake.

Kwa vipimo hivyo alikata kava la kulifunika gari hilo, kwa khaki ya kaptula za wavulana, na ilipopungua akamalizia na bluu ya sketi. Pini alisukumwa pamoja na kochi lake mpaka kwenye cherehani, akajaribu kukanyaga kwa mguu mzima.

"Mshono unakwenda kama mlevi," alisema.

"Shona tu. Mshono wa ndani hauonekani."

"Mkubwa atavaa sare ya darasa la tatu. Umwachie pindo, huenda atakua."

Walitia lastiki pembeni, wakaacha mfuko mwembamba kwa ajili ya kijiti cha bendera, na kwenye pembe ya bampa fundi akashona mkunjo mdogo, unaoingia ndani kwa upana wa kiganja. Nyuma na mbele Pini alitarizi namba ya gari kwa uzi mweusi. Aliikumbuka. Alikuwa ameisoma akiwa amelala juu ya sketi hamsini.

Walilipeleka kituoni, Pini kwa magongo yake, na sajini akalikunjua kava juu ya dawati, akapitisha kidole kwenye mshono. "Kazi safi," alisema. "Twende likajaribiwe."

Gari jeusi lilikuwa limeegeshwa mahali pake, mbele ya jengo la ofisi kuu, mtaa wa pili. Dereva wa mkubwa alikuwa kivulini akinywa chai. Alipoelezwa shida yao aliweka kikombe chini, akaja kusaidia kuvuta upande wa nyuma. Kava liliingia bila kubana na bila kulegea. Kijiti kiliingia mfukoni. Mkunjo ulikaa ndani ya kibonyeo kama kidole ndani ya kastabini.

"Mimi nguo zangu hazijawahi kunikaa hivi," alisema dereva.

Sajini aliomba gari lisogezwe mbele na nyuma. Dereva alikunja kava juu ya kioo apate kuona, akalisogeza, na sajini mwenyewe akarekodi kwa kamera ya fundi, iliyobanduliwa kiooni na kushikwa mkononi, waya wake ukitoka ndani ya gari la fundi lililoegeshwa kando. Kisha wote wanne waliinamia kioo chake kidogo. Lilionekana. Gari la khaki na bluu lilikwenda mbele, likarudi nyuma, na namba yake ikasomeka, na tarehe na saa zilikuwa pembeni.

Walirudi kituoni. Pini alikaa kwenye benchi, magongo mapajani. Sajini alifikiri kwa muda, maana hakuwa mtu wa kuharakisha mambo.

"Kinachoonekana kwenye rekodi," alisema mwishoni, "ni kitambaa. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Na kitambaa ni cha nani?"

"Changu."

"Basi, mama, mimi nifanyeje? Ikiwa kilichokugonga ni hiki, umegongwa na mali yako." Akaifungua droo, akaitoa ile fomu, akaonyesha sentensi kwa ncha ya kalamu. *Dereva alijigonga mwenyewe.* "Unaona? Hata hatuna haja ya kuiandika upya."

"Afande," alisema Pini, "wewe ungefaa kukata suruali. Mguu mmoja huku, mwingine huko."

Fundi aliitazama fomu, akaitazama kalamu. "Siweki," alisema.

Sajini alibaki na kava kama kielelezo. Wiki iliyofuata waliliona limefunika pikipiki yake nje ya kituo, limelegea sana.

Mwezi ulikwisha, na leseni ya fundi nayo. Plasta la Pini lilikuwa limetolewa siku mbili kabla, na mguu ulitoka mwembamba kuliko mwenzake, umepinda kidogo kwa nje. Pini alikuwa na leseni yake tangu ujana. Alichukia kuendesha, na kwa miaka mingi aliitumia kadi hiyo kupigia mistari ya chaki. Aliipangusa chaki, akaketi nyuma ya usukani. Fundi aliketi upande wa mlango uliobonyea. Walikuwa na kaptula arobaini za kupeleka.

Walifika kwenye mzunguko saa mbili kasoro dakika ishirini. Anga lilikuwa kavu. Gari jeusi lilikuja kinyume, na magari ya mbele yakasimama kama kawaida yao, na trafiki akabana visigino.

"Dada, nisimame?"

"Njia ni ya nani?"

"Yetu."

"Basi endesha."

Pini aliendesha. Hakuongeza mwendo wala hakupunguza. Kilichosikika baadaye kilikuwa ni matairi, si yao, na harufu ya mpira iliingia dirishani. Walizunguka, wakatoka upande wa shule, wakakabidhi kaptula arobaini.

Jioni walitazama rekodi. Katika jicho la mbele, kwenye lami tupu, mistari miwili myeusi ilijichora kuwajia, sambamba, mirefu, ikakoma hatua moja kutoka mlango wa Pini. Mkono wa trafiki ulikuwa umefika begani, ukabaki hapo. Kisha walifungua jicho la nyuma. Gari dogo la mikate lilikuwa nyuma yao, nalo halikusimama. Nyuma yake teksi, nayo haikusimama. Fundi alivifungia vipande vyote viwili visifutike.

Jumatatu aliipeleka kadi kituoni. Sajini aliitazama mpaka mwisho bila kupepesa. Alisema kuwa mistari iliyo barabarani ni kazi ya idara ya barabara, nao wana dawati lao, ghorofa ya pili. Akaisogeza fomu.

Fundi aliisoma sentensi kama mara zote, kwa sababu huenda ilikuwa imebadilika. Haikuwa imebadilika. Alirudisha kalamu, akachukua kadi yake. Nje, Pini alikuwa hajazima gari.

Sajini aliirudisha fomu kwenye droo, juu ya karatasi nyingine zote, maana alijua Jumatatu ijayo angeihitaji tena.