Watu Sita wa Bwana Muli

Bwana Muli alishuka kwenye gari la ofisi ya afya akiwa amevaa barakoa mbili, moja juu ya nyingine, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuzishusha zote hadi kidevuni ili watu wamsikie vizuri. Wakubwa ndivyo walivyo. Walikuwa wamekataza mikutano, kisha wakaitisha mkutano kuwaeleza watu jinsi walivyofaidika kwa kutokutana.

Ilikuwa Jumanne moja ya Agosti, mwaka wa pili wa corona, kwenye kiwanja cha dispensari ya Kwa Kitonyi, kijiji kilicho nyuma ya Mumbuni ukishaiacha lami. Watu kama arobaini walikaa kwenye viti vya kanisa vilivyopangwa mbali mbali, na kila aliyekaa alikisogeza chake hadi kwa jirani ili apate wa kunong'ona naye. Kiema hakusogeza chake. Tangu mkewe Ngina afe hakuwa na neno la kunong'onea mtu.

Muli alibandika karatasi ukutani. Ilikuwa na mstari mwekundu uliopanda kilima, ukafika juu, ukateremka hadi chini kabisa kama ng'ombe anayekwenda mtoni.

"Mwezi wa saba tulikuwa na wagonjwa kumi na tatu kwa wiki moja hapa. Kumi na tatu! Na wiki iliyopita?" Akangoja kama mwalimu wa Sunday school. "Sifuri! Hebu mpigieni chifu makofi."

Wakapiga. Chifu alisimama, akainama kidogo, kama mtu aliyeifukuza corona mwenyewe kwa rungu.

"Kwa hivyo," Muli akaendelea, "ile mitungi miwili ya oksijeni iliyo hapa ndani, Alhamisi asubuhi lori litakuja kuichukua, iende mahali penye ugonjwa. Hapa imekaa bure."

Hapo Kiema akainua kichwa. Nyumba ya pili kutoka kwake, shemeji yake Kaluki, mdogo wake Ngina, alikuwa amelala siku ya tano akivuta pumzi kama anayepanda ngazi. Aliyelijua jambo hilo nje ya boma ni Kiema peke yake.

"Bwana Muli," akasema, "huko kupata sifuri, mlipima watu wangapi?"

"Sita, mzee."

"Na ile wiki ya kumi na tatu?"

Muli akachungulia karatasi zake. "Arobaini na nane."

"Basi si ugonjwa umepungua. Ni nyinyi mmepunguza kuutafuta."

"Mzee, sisi tunatumia asilimia. Sifuri kwa sita ni sifuri, na sifuri kwa elfu ni sifuri. Kwani ulisoma mpaka darasa la ngapi?"

"La nne."

"Ndiyo maana. Asilimia inafunzwa la sita."

Watu wakacheka. Chifu ndiye aliyecheka kwa muda mrefu kuliko wote. Kiema alikaa chini, akamtazama Muli jinsi alivyokuwa akiikunja ile karatasi taratibu, kwa heshima, kama anakunja kitambaa cha madhabahu, naye akajisemea moyoni: hawa ndio wamesoma.

Kiema hakuwa na elimu ya kalamu, lakini alikuwa na bambo. Kwa miaka ishirini na miwili alifanya kazi katika ghala la mahindi la Mzee Omar, mjini Machakos, na kazi yake ilikuwa moja: lori likifika, anachukua bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji katikati, analichoma gunia, mahindi yanamwagikia kiganjani, anayanusa, anayauma, anasema ndiyo au hapana. Akikosea, watu wanakula ugali wenye sumu ya kuvu, na huku kwao kila mtu amewahi kusikia watu waliozikwa kwa ajili ya ugali.

Wauzaji walikuwa wajanja. Mahindi mazuri waliyaweka juu, kwenye mdomo wa gunia, yaliyooza chini. Magunia mazuri waliyapanga nyuma ya lori, karibu na mkono wa mpimaji, na mabovu wakayazika katikati. "Anza na haya, mzee," walimwambia huku wakimpangusia jasho kwa maneno. Kiema alikuwa anawaitikia, halafu anapanda juu, anayafukua ya katikati, yale yenye unyevu matakoni, anachoma huko. Mzee Omar hakumwuliza hata siku moja alisoma mpaka wapi.

Na Ngina? Ngina alikufa mwezi wa saba hapo hapo dispensari, kwenye benchi, saa nane mchana, akiambiwa mtungi uko njiani. Mitungi ilifika baada ya siku tisa, na picha ikapigwa, chifu ameishika kama kombe. Karatasi ya kifo ikaandikwa nimonia, kwa sababu majibu ya kipimo yalikuwa hayajarudi. Yalirudi baada ya wiki tatu, kwa ujumbe, kwenye simu ya Ngina mwenyewe: Ndugu Ngina, umepatikana na virusi vya corona, kaa nyumbani siku kumi na nne. Kiema alisomewa ujumbe huo na binti yake Mueni, aliyekuwa amepewa ruhusa ya siku mbili na kiwanda cha nguo huko EPZ. Akatoka nje, akalitazama kaburi nyuma ya boma. Basi, amekaa nyumbani. Wafurahi.

Baraza lilipoisha, hakwenda kwake. Alizunguka nyuma ya dispensari, akamkuta sista Nthambi, nesi wa pekee pale, anaanika glavu.

"Sista, hao watu sita ni akina nani?"

"Baba Mueni, mambo ya wagonjwa ni siri."

"Si wagonjwa. Si wamesema ni wazima?"

Nthambi akacheka bila kupenda. Akaangalia kama gari la Muli limeondoka. "Majina sikutajii. Lakini yule kijana wa mjini anayeenda Qatar, si wewe mwenyewe ulimwonyesha njia ya kuja hapa?"

"Mudi? Mjukuu wa Mzee Omar?"

"Alipimwa Jumatatu apate cheti cha ndege. Ndege ikasogezwa, cheti kikapitwa na siku, akapimwa Alhamisi. Hicho cha pili kikakosa muhuri, akapimwa Jumamosi. Huyo ni mmoja, au sivyo?"

"Ni mmoja."

"Kwao ni watatu. Wengine wawili ni wasichana kutoka Masinga wanaoenda Saudia kufanya kazi za nyumba. Waliletwa hapa na wakala wao kwa sababu hapa hakuna foleni."

"Mudi tatu, wasichana wawili, ni tano. Wa sita?"

Nthambi akavuta glavu moja, akaitikisa. "Wa sita alikuwa anaenda semina Mombasa."

"Semina?" Kiema akashika kiuno. "Sista, usiniambie ni chifu."

"Mimi sijakwambia."

"Aiya! Kwa hivyo kijiji kizima ni chifu!"

Alisimama pale akitikisa kichwa. Wakati wake, mtu akipima magunia manne, moja mara tatu, mawili ya ghala la watu wengine, na la mwisho lile analokalia mwenye lori, angefukuzwa kazi kabla ya saa nne. Hawa wamepewa gari.

"Lakini watu wenyewe hawaji," Nthambi akasema. "Tangu Kimeu azikwe, hawaji."

Hilo Kiema alilijua. Kimeu, aliyekufa kwa corona, alizikwa na watu waliovaa nguo nyeupe za plastiki, walioshuka kwa lori asubuhi bila hata kupiga hodi, wakamtumbukiza, wakaondoka kabla ya mjane kumaliza kufunga leso. Tangu siku hiyo kila mtu Kwa Kitonyi alikuwa na mafua ya kawaida. Mtu anakohoa hadi anashika ukuta, ukimwuliza anasema ni vumbi.

"Una vipimo vingapi?"

"Vile vya haraka, vya robo saa? Boksi nzima. Ishirini na tano. Havijaguswa."

"Na nikikuletea watu kesho kutwa asubuhi, kabla ya lori?"

"Ukileta, nitapima. Ndiyo kazi yangu."

Jumatano kutwa Kiema alitembea boma kwa boma. Hakwenda kwa wanaocheka barazani. Alikwenda kwenye madirisha yaliyofungwa mchana, kwenye majiko yenye harufu ya mwarobaini na tangawizi, kwa watu ambao mbuzi wao walilia bila wa kuwafungulia. Wengine walimfukuza. Mzee mmoja alimwambia akapime kaburi la mkewe. Kiema alimeza hilo, akabisha hodi mlango uliofuata.

Kaluki alikuwa mgumu kuliko wote.

"Shemeji, niache nife na jina langu," akasema, kila neno na pumzi yake. "Sitaki wale wa plastiki."

"Wale wanakuja ukifa. Mimi nataka usife."

"Na wakisema niko nayo?"

"Basi uko nayo ukiwa na mtungi puani. Dada yako alikuwa nayo bila mtungi. Chagua."

Kaluki akafumba macho. "Ukiniacha nizikwe kama Kimeu, nitarudi nikusumbue."

"Rudi. Nyumba iko kimya sana."

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamkunja. Alipotulia akasema, "Nitafutie sweta."

Alhamisi, kabla umande haujakauka kwenye nyasi, walikuwa watu ishirini, mbali na Kiema, mbele ya dispensari, Kaluki akiwa amebebwa kwa mkokoteni wa maji. Kiema alitangulia mwenyewe kuingizwa kijiti puani ili wasiseme anawatoa sadaka. Hakuwa nayo. "Hata corona imeniona si wa maana," akawaambia. Waliobaki wakapimwa mmoja mmoja. Nthambi alipanga vipimo dirishani, akaandika saa juu ya kila kimoja, na mistari ikaanza kujitokeza. Mmoja mzima. Mwingine mistari miwili, yaani anayo. Miwili. Miwili. Mmoja. Kufikia mwisho, kati ya watu ishirini na mmoja, kumi na wawili walikuwa nayo.

Kaluki alikuwa miongoni mwao. Kifaa cha kidole, kile cha kupima oksijeni ya damu, kilisoma themanini na tatu, chini sana. Nthambi hakungoja ushauri wa mtu. Alimlaza, akafungulia mtungi wa kwanza, akamfunga mpira puani. Kwa mzee mwenye nyumba ya bati nyekundu, yule yule wa maneno ya kaburi, aliyekuja akiburutwa na wanawe, akafungulia wa pili.

Lori lilifika saa tatu. Bwana Muli alishuka na makuli wawili, akaingia, akakuta mitungi yote ina watu.

"Hii ni nini? Nani ameidhinisha?"

"Ni wagonjwa, Bwana Muli," Nthambi akajibu. "Ukitaka mtungi, toa huo mpira puani mwake mwenyewe. Mimi mkono wangu hautoi."

Makuli walitazamana, wakarudi kwenye lori wakakaa. Muli alisimama katikati ya chumba akiwa na karatasi yake ya kupokelea mitungi, na kwa mara ya kwanza barakoa zake zote mbili zilikuwa juu.

"Wangapi?" akauliza.

"Kumi na wawili kwa ishirini na moja," Kiema akasema kutoka mlangoni. "Asilimia ngapi hiyo? Mimi niliishia la nne."

Muli akatoa simu, akabonyeza. "Hamsini na saba." Akairudia kwa sauti. "Hamsini na saba! Hii ni hatari. Nusu ya kijiji! Lazima nipige ripoti."

"Ngoja," Kiema akasema. "Usiandike hivyo. Hawa niliwachagua wanaokohoa. Nilichoma magunia mabovu makusudi, kwa sababu nilikuwa natafuta kuvu. Hiyo hamsini na saba si ya kijiji. Ya kijiji hamuijui. Mkitaka kuijua pimeni na wazima, nyumba moja ruka mbili, na msipime mtu mmoja mara tatu."

"Mara tatu? Nani amepimwa mara tatu?"

"Waulize watu wako sita. Ukiwapata ni wanne, na watatu wako kwa ndege."

Muli akainamia karatasi yake. Alikuwa tayari anaandika, na kile alichoandika Kiema alikiona Jumanne iliyofuata, kwenye kiwanja kile kile. Mstari mwekundu ulikuwa umepaa kutoka sifuri hadi juu ya karatasi, karibu utoboe dari. Nusu ya Kwa Kitonyi ina corona, akatangaza Muli. Soko limefungwa siku ishirini na moja. Na ugonjwa huu, akasema, umegunduliwa kwa juhudi za ofisi yake, ikishirikiana na chifu. Hebu mpigieni chifu makofi.

Wakapiga, lakini kwa uvivu, wakimtazama Kiema. Mama muuza nyanya akamwambia bila kushusha sauti, "Baba Mueni, umetufungia soko. Nyanya zangu nitazipeleka kwa nani, kwa bambo lako?"

"Nisamehe, mwaitu, mama yangu," akamjibu. "Mimi niliwapa hesabu. Kusoma niliwaachia wao, si ndio wenye gari?"

Mwanamke akafyonza, akageukia kwingine. Alikuwa na haki. Kiema alimhurumia, ila hakujutia hata mlango mmoja aliobisha. Alisimama, akamwacha Muli akielezea asilimia kwa kijiti, akaingia dispensari.

Kaluki alikuwa ameketi, mpira puani, anakula uji. Kifaa cha kidole kilisema tisini na mbili. Kando ya kitanda, kichupa cha maji kilichofungwa kwenye mtungi kilikuwa kinatokota taratibu, bubu-bubu-bubu, kama sufuria ndogo iliyosahauliwa jikoni.

"Wanapiga makofi ya nini huko nje?" Kaluki akauliza.

"Ya chifu."

"Amefanya nini?"

"Alienda semina Mombasa."

Kaluki akatabasamu, akarudi kwenye uji wake. Kiema alivuta lile benchi, lile lile alilofia Ngina, akakaa. Ngina hakuwahi kuisikia sauti ya mtungi. Kiema aliisikiliza kwa niaba yake, hadi baraza likaisha na gari la ofisi likaondoka.