Neno Waliloandika juu ya Kambo

Kambo wangu, nyanya aliyemzaa mama, alikataa mara mbili kuhama. Mara ya kwanza kampuni ya mgodi ilimtumia barua. Mara ya pili ilimtuma mjomba wangu, Tonton Kabemba, mtoto aliyemzaa yeye mwenyewe, ambaye kazi yake pale ofisini ni kuzungumza na watu wanaotakiwa kuhamishwa. Kambo alimwambia anunue jeneza kwanza, ndipo waje kumchukua.

Nyumba yake iko karibu na mashimo ya mgodi wa Mashamba, na wakilipua mwamba kuta zinatetemeka. Pale anauza munkoyo, kinywaji cha mahindi anachokipika mwenyewe na kukichachusha kwa mizizi. Vijana wachimbaji wanakuja kunywa, wanamtania, wanamletea kuni. Miguu yake haifiki tena sokoni, lakini hana shida, kwa sababu watu ndio wanaomfuata. Kampuni ilimjengea nyumba nyingine mbali, kwenye barabara ya Dilolo. Nilipelekwa kuiona. Ina mabati mapya na milango mizuri, ila haina jirani. Nilirudi nikijua kwamba kambo akikaa pale hatamaliza mwaka.

Mimi naishi Kapata kwa Tonton, tangu mama afariki. Ananilisha, ananivisha. Siku moja aliniita ofisini, akaniambia nikae karibu na mlango.

Alikuwapo mgeni mmoja aliyekuja kukagua jinsi watu wanavyohamishwa, mama mzungu asiyejua lugha nyingine ila Kiingereza. Wote walimwita Madame. Mkalimani wake, Stany, alitueleza kwamba kampuni haimfukuzi mtu. Kila familia lazima kwanza ifanyiwe kitu kimoja, na kitu hicho kiko kwenye fomu kwa Kiingereza: persuade. Chini yake kulikuwa na nafasi tupu ya Kiswahili, na Stany hakujua aandike nini.

Mama Domitille, anayepiga chapa pale, alisema ni kushawishi. Stany akakataa. Alisema kila siku tunasali Mungu asitutie katika kishawishi, sasa kampuni itatutia yenyewe? Glodi, dereva, alisema ni kubembeleza.

"Kubembeleza ni kwa mutoto ya maziwa," Mama Domitille alimjibu. "Ao kwa muke ya wenyewe. Weye Glodi unajua muzuri."

Wakacheka sana. Stany alijaribu kusihi, lakini akasema anayesihi yuko chini, na kampuni haiwezi kuwa chini ya mwanamke muuza munkoyo. Alijaribu kusadikisha, akasema hapo lazima mtu aamini kweli. Madame aliuliza tunachekea nini. Stany akamwambia kitu, Madame akafurahi, akaandika kwenye daftari lake.

Mimi nilikuwa natafuta neno moja tu, la mtu ambaye ameambiwa yote hayo, akasema hapana, akabaki nyumbani kwake. Sikulisikia.

"Tuache maneno," alisema Tonton. "Tuko na majina yake hapa."

Wakanigeukia wote.

Ninaitwa Godelieve, kama kambo. Kwetu, wewe na mtu uliyepewa jina lake mnaitana "majina", na majina akikupigia magoti kuomba kitu, humkatalii, kwa sababu utakuwa umejikatalia mwenyewe. Babu alipofariki, kambo alikaa siku tatu bila kula. Walimwomba wote. Mimi nilikuwa mdogo. Nilipiga magoti na sahani ya bukari, ugali wetu, akala. Tonton hakusahau.

Aliniambia nipige magoti, nimwombe kambo akubali, basi. Nilitaka kumwambia sitaki. Nikasema ndiyo, Tonton.

Ndani ya gari nilitengeneza maneno mengine. Kambo, usikubali. Niliyarudia moyoni njia nzima, ili yasinipotee.

Tulimkuta ameketi mbele ya nyumba, anakoroga sufuria. Tonton, Stany, Madame na Glodi wakashuka na kusimama nyuma yangu. Nilipiga magoti, nikapiga makofi polepole, kama nilivyomsalimia siku zote za maisha yangu. Sijui njia nyingine ya kufika mbele yake. Kinywa changu kilikuwa kinajitayarisha.

Kambo aliwatazama wale wanne. Halafu akatazama magoti yangu. Aliacha mwiko.

"Njo weye banatuma, majina?" Alikuwa anauliza kama ndimi niliyetumwa.

"Kambo…"

"Nyamaza. Usiseme. Nasikia."

Akanishika mikono yote miwili. Kwetu, mikono ikishikwa neno limekwisha.

"Kabemba," alisema, "leta ile karatasi yako."

Nikasema haiko vile, kambo. Nilisema kweli, lakini sauti yangu ilikuwa ndogo, na Tonton alikohoa juu yake. Kambo aliniambia nisimame, magoti yataniuma. Stany alikwisha kufungua kikopo cha wino kwa ajili ya kidole.

Madame aliuliza nilimwambia nini bibi yule. Stany akaniuliza. Nilijibu kwamba sikumwambia kitu. Sijui alitafsirije, lakini Madame aliweka mkono kifuani na kuniinamia kichwa kama vile mimi ni mtu mkubwa. Stany akaandika kwenye ile nafasi tupu: ameshawishika. Akanionyesha, akauliza kama ni sawa.

"Hakuna aliyemshawishi," nilisema.

"Dada," alinijibu kwa upole, "nafasi ni ya neno moja."

Walipoondoka nilibaki nimsaidie kuchuja munkoyo. Kambo aliniuliza pale kwenye magoti nilikuwa nataka kusema nini, maana alinikatiza.

"Nilikuwa nakusalimia, kambo."

Alicheka mpaka akajifuta macho. "Salamu gani ya kuleta batu ine na motokari?"

Nikamwambia yote. Kwamba Tonton alinituma, kwamba njiani nilibadilisha maneno, kwamba nilitaka kumwambia asikubali. Kicheko kilimtoka polepole usoni. Alinitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyeanguka mbali, asikoweza kufika.

"Ungesema mbiyo, mutoto wangu," alisema.

Nikamwambia twende ofisini kesho tukafute. Akatikisa kichwa. Alikwisha kunishika mikono, na majina havunji neno alilompa majina mwenzake. Akachukua tena mwiko.

Baadaye aliniuliza mlango wa ile nyumba unatazama wapi. Nilimwambia unatazama barabarani. Akasema ni vizuri, atakuwa anakaa pale mlangoni na kusalimia wanaopita.

Sikumwambia kwamba kule yanapita malori tu.